Dole Gumba la Marlys

Mkasa huu ulimpata rafiki yangu Orville Stucky, seremala wa Kansas, mkusanyaji wa nusu dola kongwe za fedha. Wakusanyaji hao huishika sarafu ukingoni tu, kwani jasho la kidole huacha usoni mwake doa lisilofutika. Bintiye Marlys, mwenye miaka saba, aliigusa moja kwa dole gumba lenye kovu. Orville alimfokea hadi mtoto akalia kwa kwikwi, kisha akaiuza sarafu ile. Kabla theluji haijayeyuka, homa ikamchukua Marlys.

Kwa miaka ishirini Orville aliitafuta sarafu ile, apate kuliomba radhi lile doa.

Alasiri moja Wendell, mwenye duka la sarafu, alimwita akaione nusu dola yenye doa.

“Orv, wenzako wanayakimbia madoa, wewe unayaposa! Nani kakuroga?”

“Cheka, ndugu yangu, ila nipe niione.”

Wendell akaidondosha mezani. Ikalia mlio mwembamba, mrefu, uliofifia polepole katika duka lililotiwa giza na dhoruba ya theluji. Orville akaiinua kwa ukingo, akaisogeza dirishani. Kovu ndani ya doa lilikuwa lile lile, limeikata mistari ya kidole mshazari.

“Mwanangu, nisamehe,” akanong’ona.

Ndipo akaweka dole lake kando ya doa. Lilikuwa doa kuukuu, lililokwisha kuiva weusi ndani ya fedha. Nalo lilikuwa pana, si la mtoto tena: dole la mwanamke wa miaka ishirini na saba, umri ambao Marlys angekuwa nao.