Mafiga ya Fanueli

Wenye shahada zao wapo, midomo mizima, halafu habari za kompyuta mnakuja kuniuliza mimi bibi wa darasa la pili. Haya, kaeni. Ila mtu asinikatize.

Mkwe wangu Aroni alikuwa fundi wa kompyuta ya mashine ya kuchagua mchele, kiwanda kimoja huko Madibira. Alinieleza mwenyewe: kompyuta ile ina prosesa nne, yaani vichwa vinne, na kila kichwa kina jiko lake, visigombanie sufuria moja. Juu yao ipo programu mama. Ukiichomekea kipande kipya cha programu, kinatengewa mafiga katika kila jiko. Ukikichomoa, safisha majiko yote. La sivyo mafiga yanabaki yameshikwa na asiyekuwepo, na mgeni mwingine anakosa pa kupikia.

Kipande cha kutambua mawe kwenye mchele alikiandika rafiki yake, Fanueli, ndiye aliyemfundisha kazi. Fanueli akafa kwa ajali ya lori pale Nyololo, siku ya mvua. Msiba haujaisha, Aroni akakichomoa, akafuta jina la marehemu, akakirudisha kwa jina lake. Akapandishwa cheo. Majiko hakusafisha, alikuwa na haraka ya kusifiwa.

Kompyuta ikaanza kukataa vipande vipya. Hakuna nafasi. Aroni akachungulia mafiga ya zamani ya kile kipande alichokichomoa, akakuta tarakimu zinabadilika zenyewe, kama mtu anakoroga. Chumba kikanuka dizeli na koti lililolowa mvua.

Harufu ikamfuata nyumbani. Mchana, mwanangu Esnath, mkewe, akiwa anapakua, akasema kwa sauti nzito ya kiume:

"Aroni kaka, mbona umekalia pangu?"

Kisha Goodness, binti yao, akauliza vilevile, kwa kikohozi kilekile cha Fanueli, na baada yake mdogo wake Ipyana, ambaye hata "mama" alikuwa hajaweza kulitamka vizuri, akalisema swali lile lote bila kukwama, huku akisukuma kila kijiko cha uji kwenye nafasi tupu pembeni yake, na toka hapo hakumeza kitu, akakonda mpaka mbavu zikaonekana.

Nikamwita Severina, mama wa maombi.

"Ametengewa pahala kwa kila mmoja wenu," akamnong'oneza Aroni. "Nikimtoa kwa hawa watatu, akabaki kwako, anarudi kwa wote. Sema ulichomfanyia."

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Mwanao anakufa, wewe unalilia kazi?" nikamwambia. "Mwanamume gani wewe!"

Akaanza kusema eti Fanueli alimsaidia kidogo tu. Ipyana akacheka, kicheko cha mtu mzima. Hapo Aroni akaanguka magoti, akasema yote, na kesho yake akayarudia mbele ya mama yake Fanueli na wakubwa wa kiwanda.

Severina akafagia vichwa vyote vinne. Mtoto akaomba uji.

Lakini ukifagia pahala, unafagia na kilichomo. Kila alichokijua Aroni alikipata kwa Fanueli. Alipokaa tena mbele ya kompyuta aliitazama kama ninavyoitazama mimi. Sasa yuko Ruaha Mbuyuni, anashona viroba vya vitunguu vya watu. Jina alilirudisha kwa mwenyewe, na ufundi wote ukaenda nalo.