Majina Yaliyofunikwa na Chokaa

Kila tarehe mosi Agosti, siku ya wazazi, watu wa Likasi, mji wa migodi katika jimbo la Katanga, huanza na wafu kabla ya walio hai. Asubuhi husafisha makaburi ya wazee wao, mchana hurudi nyumbani kula bukari, yaani ugali, kwa samaki wa ziwa Tshangalele. Colette, msichana wa miaka kumi na miwili, aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi. Yeye alibeba ndoo ya chokaa, na bibi yake, Kambo Émérence (huko bibi na babu wote huitwa kambo), alibeba jembe huku akisimulia habari za zamani njia nzima kutoka mtaani kwao Kikula: king'ora cha mgodi kilichoamsha mtaa mzima, mpira wa matambara, na kaka yake Octave aliyepiga mluzi hata kanisani.

Tina, rafiki wa Colette, alikuja pia na babu yake, mzee Barnabé. Ukoo wao ulitoka jimbo la Kasai, zamani wanaume walipoletwa kufanya kazi mgodini. Kila mwaka wasichana hao walichota maji pamoja na kuazimana brashi.

Karibu na lango la makaburi palikuwa na mnara mdogo wa saruji. Juu yake yaliandikwa, kwa rangi nyeusi, majina ya vijana waliokufa katika vita vya zamani, Katanga ilipotaka kuwa nchi peke yake. Wengine waliwaita mashujaa. Wengine walipita wakiupa mnara mgongo, na mzee Barnabé alikuwa mmoja wao. Jina la kwanza lilikuwa la Octave.

Mwaka huo chokaa ilibaki. Colette akautazama mnara, mwekundu kwa vumbi la kiangazi.

"Tina, twende tuupake ule. Kambo atafurahi."

"Minye hapana. Kambo yangu hapendi nifike pale."

"Basi niazime brashi yako. Yangu imenyonyoka kama kuku wa sokoni."

Colette alipaka haraka, juu mpaka chini. Chokaa mbichi ni kama maji. Majina yalionekana vizuri chini yake. Akaiacha brashi kwenye ngazi ya mnara, akaenda kunawa.

Jua lilipoikausha, chokaa iligeuka nyeupe kama unga. Halikuonekana jina hata moja.

"Nani amefuta majina?"

Ilikuwa sauti ya Rolly, binamu yake mkubwa. Watu wakakusanyika. Rolly akainua brashi juu. "Hii si ya Tina? Nilijua! Hawa watu hawajawahi kuupenda mnara huu!"

"Chunga mdomo wako, kijana," alisema mzee Barnabé.

Tina alimtazama Colette. Kambo Émérence alikuwa akipapasa saruji kwa kidole, pale lilipokuwa jina la Octave. Colette alitamani ardhi immeze. Akisema, kambo atajua ni nani aliyemfuta kaka yake. Asiposema, Tina atabeba mzigo usio wake.

Mzee Barnabé alikwisha kumshika Tina mkono. "Twende, mutoto. Mwakani tutakuja peke yetu."

"Haiko Tina!" Colette alipaza sauti. "Ni minye, kambo! Nilitaka ufurahi. Chokaa ilipokuwa mbichi, majina yalionekana!"

Kambo akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Leteni maji," alisema.

Lakini chokaa ilipotoka, rangi ya zamani ilitoka nayo. Kambo akaanza kuyataja majina ili yaandikwe upya. "Octave. Benoît. Patrice..." Akakwama. "Mungu wangu, na yule mrefu?"

"Stéphane," sauti ilijibu kutoka nyuma. Mzee Barnabé alikuwa bado hajaondoka. "Kipa wetu. Alidaka mipira akiwa na kiatu kimoja."

"Na kingine alikuazima weye!" Kambo akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mzee, unawakumbuka?" Rolly aliuliza.

"Tulikulia kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi. Kisha watu wenye sare ya askari kama ya Stéphane wakachoma nyumba yetu na kumfukuza baba yangu. Sare ile sijaisamehe, na mnara huu siupendi mpaka leo. Lakini Stéphane alikuwa kipa wangu."

Akataja wengine mpaka wakatimia. Rolly alimwinamia Tina. "Nilikusingizia, mdogo wangu. Unisamehe." Kisha akaenda mbio kutafuta rangi. Colette akaandika, na Tina, aliyesimama mbali kidogo, akamsahihisha: "Hiyo S inaanguka, Colette! Inyooshe!"

Kazi ilipokwisha, Kambo Émérence akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mkono hukosea, mwanangu, na kosa la mkono husafishika. Lakini hapa kwetu kuna vidonda vya zamani. Ukilinyamazia kosa lako, kila mtu atalijaza ugomvi wake mwenyewe. Kwa hiyo ukikosea, sema upesi."

"Ndiyo, kambo. Nimesema."

"Umeniambia mimi. Aliyeumia zaidi si mimi."

Colette akageuka. Mbele ya watu wote waliokusanyika, akamwomba Tina msamaha, kwa sauti iliyosikika hadi langoni.