Nyumba ya Mjusi Mwenye Ndevu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mokeira alipiga magoti kando ya kitanda na kuvuta boksi lililokuwa uvunguni. "Umeamkaje, Mzee?" alinong'ona. Mle ndani, chini ya leso kuukuu, mjusi wa rangi ya mchanga alifungua jicho moja, kisha akalifumba tena.

Hakuwa mjusi wa ukutani. Alizidi urefu wa rula, na chini ya kidevu alikuwa na miiba laini iliyofanana na ndevu. Porini hakuwahi kuishi. Alizaliwa na kufugwa nyumbani kwa familia ambayo mama yake Mokeira aliifanyia kazi Nairobi. Familia hiyo iliporudi kwao ng'ambo, ilimwachia mama mjusi. Mama naye akapata kazi Mombasa, akamleta Mokeira kwa nyanya yake huku Nyanchwa, kwenye vilima vya baridi, yeye na mjusi wake. Nyumba ya kioo ya mjusi ilikuwa nzito mno kubebwa, ikabaki.

"Mtunze," mama alisema, "naye atakuwa mwenzako mpaka nirudi."

Mwenzake alikuwa huyo tu. Shuleni, kengele ya mapumziko ilipolia, Kiswahili kilibaki darasani na uwanja mzima ukazungumza Ekegusii, lugha ya huku. Mokeira, aliyekulia Nairobi, aliijua ya kusalimia na kuomba maji tu. Siku aliyojaribu kusema zaidi, Mose wa darasa lake alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, njooni mumsikie mzungu wa Nairobi! Ati anafuga mamba chini ya kitanda!"

Tangu siku hiyo Mokeira alikaa nyuma ya tangi la maji, akitazama mawingu yakipanda mlima. Nyumbani, Nyanya hakutaka hata kumwona mjusi. "Kitu hicho kisikanyage jikoni kwangu," alisema. Basi Mokeira alikula chumbani, sahani mapajani, akimsimulia Mzee habari za Nairobi.

Julai ikaja na ukungu na mvua. Kwa Mokeira, dawa ya baridi ilikuwa moja: nguo nzito. Akaongeza leso ya pili, akaongeza sweta yake, akalisukuma boksi ndani kabisa ya uvungu, mahali pasipopita upepo. Lakini kadiri alivyomfunika, ndivyo Mzee alivyozidi kupoa. Akaacha kula mboga. Akaacha hata panzi. Ndevu zake zikawa nyeusi kama masizi.

Jumapili jioni mama alipiga simu. "Mzee anaendeleaje?"

"Yuko sawa."

"Na wewe, mami?"

"Niko sawa."

Simu ilipokatika, aliishika kifuani mpaka ikapoa.

Jumamosi iliyofuata, Nyanya akijitayarisha kwenda kanisani kwa ibada ya Sabato, Mokeira alisema tumbo linamuuma. Halikumuuma. Alitaka kubaki na Mzee, maana asubuhi ile hakufungua hata lile jicho moja. Nyanya alipoondoka, alimbeba hadi uani kulitafuta jua, lakini jua lenyewe lilikuwa limemezwa na ukungu. Akalia kwa sauti, akijua hakuna wa kumsikia.

"Nyathina, kuna nini?"

Alikuwa Mama Akumu, jirani kutoka Homa Bay aliyefuga kuku wa kuuza sokoni Daraja Mbili. Alimwita kila mtoto nyathina, yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, hata yule asiyeijua lugha hiyo.

"Anakufa! Nimemfunika na kila kitu nilicho nacho, na bado ni baridi!"

Mama Akumu alimgusa mjusi kwa kidole, akakunja uso. "Njoo huku."

Akampeleka kwenye chumba cha vifaranga. Balbu ilining'inia upande mmoja. Vifaranga wengine walikuwa wamejilaza chini yake, na wengine, waliokwisha kupata joto la kutosha, walikuwa upande wa pili wakinywa maji.

"Blanketi halina moto," Mama Akumu alisema. "Mwili wako ndio unaotengeneza joto, blanketi linakushikia tu. Mjusi hatengenezi lake. Hulitafuta nje, juani. Wewe umekuwa ukifunika jiwe baridi."

"Kwa hiyo nimemuua?"

"Hajafa, acha kumzika. Misumari iko kwenye kopo lile. Lete."

Wakalaza sanduku la mbao kwa ubavu na kulifunga wavu wa kuku mbele. Upande mmoja waliweka balbu juu kabisa, wakaizungushia waya ili mjusi asiungue. Chini yake Mokeira aliweka kipande cha sinia ya Nyanya iliyovunjika, ya jiwe la sabuni, lile laini la kuchongwa linalotoka Tabaka, jiwe linalonyonya joto polepole na kulishika sana. Upande wa pili hawakuweka taa, ila maji na gome la mti la kujifichia.

"Joto huku, ubaridi kule, achague mwenyewe," Mama Akumu alisema. "Na jua likitoka, mtoe aliote. Balbu si jua."

"Misumari siku ya Sabato?" Nyanya, aliyetoka kanisani, alikuwa amesimama mlangoni, Biblia kwapani.

"Mama, kiumbe kilikuwa kinakufa," Mama Akumu alijibu.

Nyanya alimtazama mjusi, kisha macho ya mjukuu wake yaliyovimba. "Na lile tumbo?"

Mokeira aliinamisha kichwa. "Nilidanganya, Nyanya."

"Mm. Haya, malizeni kabla mzee wa kanisa hajapita."

Wakalihamishia sanduku chumbani kwa Mokeira, wakamlaza Mzee juu ya jiwe. Wakangoja. Jiwe lilipopata moto, mguu mmoja ulijongea. Kisha Mzee akajitandaza bapa kama chapati, na weusi wa ndevu ukaanza kufifia. Kesho yake mchana alimeza panzi.

Jioni simu ikalia. "Mzee anaendeleaje?"

Jibu la kila Jumapili lilimjia mdomoni. Akalirudisha.

"Mama, nusura afe. Nilikuficha. Na mimi... siko sawa. Shuleni Mose alinicheka, na hakuna anayeongea na mimi."

Mama akasema kwa sauti nzito, "Umefanya vizuri kuniambia, mami. Mpe Nyanya simu."

Wakazungumza kwa muda mrefu. Nyanya alipomaliza, alivuta kigoda hadi karibu na meko.

"Njoo ukae. Kuanzia leo tunakula hapa, na nitakufundisha Ekegusii mpaka huyo Mose atafute pa kujificha." Akachochea moto. "Mjukuu wangu, mjusi hana mdomo wa kusema anahisi baridi. Ilibidi watu wakisie, na karibu wachelewe. Wewe mdomo unao. Ukisema uko sawa na kumbe huko sawa, unatufunga mikono sisi tunaokupenda."

Mokeira akasogea penye joto. Kule chumbani, kupitia mlango ulioachwa wazi, balbu ya Mzee ilikuwa ikiwaka.