Moteri Iliyofika Kabla Yetu

Moteri ya mtumbwi iliyobaki nyumbani kwetu iliwaka kwa kuvutwa mara moja tu. Asubuhi ya baridi, mchana wa jua kali, hata ikiwa imetoka kuzimwa na chuma chake bado kinaunguza mkono. Ilitulisha miaka mingi. Lakini sikupata kujua kama ndiyo ile tuliyoinunua.

Ile tuliyoinunua ilikuwa na tabia nyingine.

Nilikuwapo ilipochaguliwa. Ilikuwa wakati wa Zaire, katika ua wa mfanyabiashara mmoja karibu na bandari ya Kalemie. Alikuwa amefunga moteri mbili kwenye ukingo wa pipa la maji ili wanunuzi wazisikie zikinguruma: ndogo ya nguvu za farasi nane, na kubwa ya kumi na tano. Kaka yangu Salomon hakuitazama ile ndogo. Aliyeinama juu yake ni baba yetu, Papa Alphonse.

"Washa," alisema.

Mvuto mmoja, ikawaka.

"Zima. Washa tena."

Ikawaka tena.

Ile kubwa ilivutwa mpaka muuzaji akatoka jasho. Ilipowaka, maji ya pipa yaliruka na watu wakapiga makofi. Baba akaomba izimwe, kisha iwashwe tena. Ikakataa. Muuzaji akaeleza kwamba ikiwa moto, inataka kupumzika kwanza.

"Salomon, tukamate hii ndogo," Baba alisema.

"Sababu gani, Papa?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. "Inazimika vizuri."

Ua mzima ulicheka.

"Ee, Citoyen!" muuzaji alisema, kwa jina tuliloitana wote enzi hizo, akijifuta machozi. "Muntu ananunua moteri ili iende! Kama unatafuta ya kuzimika, ziko mingi kule nyuma, nitakupa bure!"

Baba naye alicheka kidogo, akitazama viatu vyake. Alikuwa katekista. Nilijua alichokuwa akifikiri, na Salomon alijua, na sote watatu tuliona haya kukitaja mbele ya watu.

Kusini mwa mji kuna rasi ya mawe tuliyoiita Kamwanga. Zamani za makasia, kila mvuvi aliyefika pale aliinua kasia, akatupa unga kidogo majini, akaacha mtumbwi upite kimya. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Baba alifanya hivyo Jumamosi, na Jumapili akafundisha katekisimu. Sijaona kosa lake. Mtu anaweza kuwa na majirani wawili na kuwasalimia wote.

Salomon alichukua ile kubwa.

Safari yake ya kwanza ilikuwa ndogo tu: kwenda kuchukua nyavu tulizoziacha kambini, ng'ambo ya rasi. Wakati wa kwenda tulipita mbali na mawe, katikati ya ziwa. Tulipokuwa tukirudi jua lilikuwa limezama, na mawe ya Kamwanga yalikuwa meusi juu ya maji yaliyobaki na mwanga kidogo.

"Kaka," nilisema, "zima."

"Nikizima, nani ataiwasha? Na mawe haya karibu hivi?"

Sikuweza kumlaumu. Upepo ulikuwa ukisukuma kuelekea kwenye mawe.

Tulipita tukinguruma.

Mawe yaliturudishia sauti yetu. Kisha ikaja harufu... si ya esansi, mafuta ya moteri. Ya majivu yaliyolowa, kama jiko lililomwagiwa maji.

Moteri ikazimika.

Nilijua kwa sababu ubao niliokalia uliacha kutetemeka. Povu nyuma yetu likalala. Salomon alikuwa bado ameshika usukani.

Lakini mngurumo haukukoma.

Ulikuwa mbele yetu sasa. Sauti ile ile, na kile kikohozi chake kidogo, ikielekea mjini bila haraka. Juu ya maji hapakuwa na mtumbwi wowote.

"Kaka..."

"Nyamaza, Deo."

Kisha tukasikia mluzi.

Salomon alikuwa na desturi ya kupiga mluzi akikaribia ufuko, wimbo wa kanisa, ili mke wake Générose aweke maji ya kuoga motoni. Ulikuwa wimbo ule ule, pamoja na kile kipande anachokikosea siku zote.

Nilimtazama Salomon. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Alivuta kamba mpaka akachoka. Haikuwaka. Upepo ulikuwa umekufa ghafla, tukashika makasia mpaka ufukoni. Pale akaifungua moteri na kuiweka begani, kama wavuvi wote wafanyavyo ili isiibwe.

Générose alisimama mlangoni na taa ya mafuta mkononi.

"Salomon," alisema polepole. "Na hiyo umeitoa wapi?"

Aligeuza taa ndani. Kwenye kona, juu ya gunia lake, moteri yetu ilikuwa ikidondosha maji.

"Nani ameileta?" Salomon alinong'ona.

"Wewe."

Générose akatueleza: alisikia mluzi, akaweka maji. Mtu akaingia na moteri begani, akaitua, akaoga nyuma ya nyumba, akala akiwa ameipa taa mgongo, akatoka. Sahani ilikuwa bado chini. Haikuwa na chembe ya ugali, wala mwiba wa samaki.

"Na hukuona kama si mimi?"

"Hakusema kitu."

"Na hiyo haikukushangaza?"

Générose alishusha taa. "Tangu unatafuta hii moteri, unasemaga nini na mimi? Unaingia, unakula, unanipa mugongo. Njo vile na yeye alifanya."

Nadhani ni aibu iliyomfanya kaka yangu apaze sauti. Aliibwaga moteri yake kando ya ile nyingine, akazipiga teke zote mbili, zikabiringika sakafuni.

"Kesho unarudi kwenu Kongolo! Mwanamuke anapokea muntu hamujui, anamupa maji, anamupa chakula!"

Milango ya majirani ilifunguka. Générose alitandika kitenge chini, akaanza kupanga nguo zake juu yake. Hakulia. Alizikunja vizuri, moja moja.

Baba alivuka ua akaingia. Aliziinua moteri, akaziegemeza ukutani. Zote zilikuwa na mkwaruzo ule ule wa ukingo wa pipa. Zote zilikuwa baridi. Salomon alinyoosha kidole kuelekea moja, kisha nyingine, kisha akaushusha mkono.

"Mama, acha nguo," Baba alimwambia Générose. "Huendi mahali." Akamgeukia Salomon. "Kule kwa muuzaji nilikuwa na neno la kusema. Niliogopa kuchekwa. Katekista anaogopa kuchekwa, na huyu mutoto wa wenyewe njo anafunga nguo zake. Hii aibu ni yangu. Si yake."

Akarudi penye moteri.

"Moja itarudi kwenye ilitoka. Ile gani, atasema yeye aliyeipokea."

Générose aliweka kiganja juu ya moja, kisha juu ya nyingine, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Juu ya moja mkono wake ulikaa muda mrefu.

Akaionyesha ile nyingine.

"Hii."

Hakueleza. Salomon alitaka kuuliza, lakini alipokutana na macho yake alitazama chini. Mimi pia sikumuuliza kamwe.

Nilijitolea kuipeleka kabla ya mapambazuko, watu wakiwa bado wamelala. Baba alikataa. Alingoja Jumapili ipambazuke, akangoja kengele ya misa, akangoja mpaka njia ijae watu. Ndipo akatoka amevaa koti lake la kanisa, moteri begani, unga mfukoni ukichora doa jeupe kwenye kitambaa.

"Papa Katekista, na misa?" mama mmoja aliuliza.

"Nakuja, Mama. Nimusalimie kwanza jirani."

Alisimama kupumzika palepale mbele ya mlango wa kanisa, akapanga mzigo vizuri, akaendelea. Kule ufukoni hakutaka yeyote kati yetu aingie mtumbwini. Alipiga kasia mwenyewe kuelekea Kamwanga, mchana kweupe, na Kalemie yote ikimwona.