Karatasi ya Alto

Kufuli la kasha halikuwa limevunjwa. Inspekta Gesine Tolkmitt aliinama kulitazama, akapitisha kidole kwenye tundu la ufunguo, akasimama.

"Kimeibwa nini hasa?"

"Karatasi moja," alijibu Bibi Kempke, mtunza nyaraka wa kanisa. "Ya mwimbaji wa sauti ya alto."

Kasha lilihifadhi mashairi ya Dorothea Krauthain, binti wa mchungaji aliyeishi katika mji huohuo wa Saksonia miaka mia tatu iliyopita. Shairi lake moja, la kuituliza roho iliyokata tamaa, lilitiwa muziki na watunzi wawili wa enzi ya Baroko. Muziki wa kwanza uliandikwa kwa mkono wa mtunzi mwenyewe, na makumbusho ya Dresden yalikuwa yakiutamani kwa miaka. Haukuguswa. Wa pili ulikuwa nakala tu, zilizochakaa, na humo ndimo alto ilimotoweka.

"Mwizi gani huyu?" Bibi Kempke alilalamika. "Anaacha dhahabu, anabeba sufuria!"

"Labda alikuwa na njaa. Funguo wanazo nani?"

"Mimi. Bwana Jahnke, anayekarabati karatasi. Na Kantor Oehmig, aliyeongoza kwaya zamani. Lakini yule ana miaka themanini na moja, Inspekta. Usimsumbue mzee wa watu."

Jahnke alikutwa mezani kwake, kifutio kikiwa tayari.

"Ningeisafisha leo asubuhi," alisema. "Nifute penseli yote."

"Penseli gani?"

"Ya waimbaji. Miaka ile hatukuwa na mashine ya kunakili. Waliimba kwa karatasi hizihizi, wakazichorachora."

Alimwonyesha picha aliyoipiga kabla ya wizi. Juu ya noti palikuwa na vistari vidogo, kila mwaka na rangi yake. Vyekundu, 1982: viwili. Vya buluu, 1983: vinne. Vyeusi, 1984: tisa. Vyote kwenye mstari uleule wa shairi.

"Hivi ni nini?"

"Alama za pumzi. Mwimbaji anajiwekea mahali pa kuvuta hewa."

"Mbona vinaongezeka?"

"Labda alikuwa anazeeka."

"Kwa miaka miwili?"

"Mimi daktari wa karatasi, Inspekta, si wa watu." Jahnke alikuna kichwa. "Nyuma yake kulikuwa na maneno pia. Ijumaa nilimpigia simu Kantor, nikamsomea, nikamweleza mwandiko ulivyo. Akasema haujui."

Inspekta alirudi kwa Bibi Kempke.

"Mwaka 1984, nani aliimba alto?"

"Almut, mke wa Kantor. Aliiimba peke yake. Mapafu yalimuua mwaka uliofuata, maskini."

Kantor Reinhold Oehmig alifungua mlango mwenyewe. Hakuuliza Inspekta amefuata nini.

"Mzee, mtu huusahau mwandiko wa mkewe?"

Mzee alisogea, akampisha aingie.

"Kasha ulilifungua lini?"

"Jumamosi mchana. Watu walikuwa sokoni."

"Kwa ufunguo wako?"

"Kwa ufunguo wangu."

"Karatasi iko wapi?"

Aliinua kiti cha piano, akaitoa humo kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukumwambia Jahnke asifute?"

"Angeniuliza sababu."

"Basi mimi nakuuliza."

Mzee alikaa. Inspekta aliigeuza karatasi. Nyuma, kwa penseli nyeusi, yalikuwa maneno machache: *Reinhold, niruhusu kupumua hapa mara moja tu. Siwezi tena.*

"Noti arobaini bila kituo," mzee alisema. "Ndivyo mtunzi wa pili alivyoandika. Almut aliniomba tuimbe ule muziki wa kwanza, una vituo. Maneno ni yaleyale, aliniambia. Nikakataa. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Leipzig, nami nilitaka ule mgumu."

"Ulijua anaumwa?"

"Sikujua. Nilidhani ni uvivu. Mbele ya kwaya nzima nilimwambia, 'Almut, unavuta hewa kama mvukuto wa mhunzi.' Watu wakacheka. Naye akacheka."

"Ukaendelea?"

"Wiki sita. Na kila baada ya mazoezi mimi ndiye niliyezikusanya karatasi. Hii ilipita mkononi mwangu kila Alhamisi. Sikuigeuza hata siku moja. Yale maneno nimeyasikia Ijumaa, mwanangu, kwenye simu, kutoka kwa mtu aliyekuwa anauliza kama ayafute."

Inspekta aliitia karatasi katika bahasha, akaandika namba juu yake.

"Lazima niondoke nayo."

"Najua. Atayafuta sasa?"

"Hawezi. Hiki ni kielelezo cha kesi. Hakuna anayeruhusiwa kukifuta."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

Mzee aliitazama bahasha mkononi mwa Inspekta.

"Nimekiri kila kitu, mwanangu. Lakini nakuomba, msifanye haraka."