Kikombe cha Kupimia Rangi

Mboje hakuwa na pikipiki, hakuwa na ng'ombe hata wa kuazima, hakuwa na shangazi wa kumsemea kwa wasichana, na zaidi ya yote hakuwa na moyo wa kumwamini mtu. Kazi yake mjini Bariadi ilikuwa kupuliza rangi mageti, na hata rangi hakuiamini mpaka aipime.

Siku ya mnada, duka la vifaa vya ujenzi likiwa limefurika watu, alichomoa mfukoni kikombe cha alumini chenye tundu dogo chini. Akaliziba kwa kidole, akamimina rangi, akaachia huku akitazama saa. Ikikawia kuisha ni nzito, ikikimbia, imezimuliwa.

Muuzaji, msichana mrefu mwenye gauni la kitenge cha kijani, alimkodolea macho.

"Mwadila, kaka. Umetumwa na serikali?"

"Mwadila. Mimi fundi tu."

"Fundi gani anapima rangi kama nesi anayepima homa?"

"Fundi aliyewahi kuuziwa tineri akiambiwa ni rangi."

"Haya, pima. Ukimaliza unipime na mimi."

Alimpima, kwa macho. Jina lake Milembe, kwao Zagayu. Pamba ilipoanza kuuzwa walikuwa wakipigiana simu kila jioni, Milembe akimwita "Bwana Kikombe" huku akicheka.

Mchana mmoja wa jua kali Mboje alinunua kwake kopo la rangi, akalifunga kwenye baiskeli, akazunguka nalo mjini. Alipolipima, rangi ilikimbia kama maji. Akakumbuka jinsi Milembe alivyokuwa akitaniana na Fredrick, msambazaji wa tineri ya kuzimulia rangi. Akapiga simu.

"Wewe na Fredrick mmetia nini kwenye hii rangi?"

"Unaniita mwizi, Mboje?"

"Kikombe hakisemi uongo."

"Basi lifunike hilo kopo, usiliguse. Asubuhi nakuja."

Alikuja kabla jua halijapanda, khanga begani kwa ajili ya baridi, macho mekundu. "Pima."

Mboje akakoroga, akamimina. Rangi ileile ikatoka polepole kama uji mzito. Akarudia, vilevile. Hapo akakumbuka jinsi kopo lilivyomuunguza mkono jana. Joto huilegeza rangi. Alilijua hilo tangu anajifunza kazi, ila wivu ulimsahaulisha.

"Nisamehe, mpenzi."

"Rangi umeipima mara tatu. Mimi ulinihukumu hapo hapo."

"Nataka kukuoa, Milembe."

"Mwandikie baba, kama watu wanavyofanya. Na humo useme uliniita mwizi."

"Atanikataa."

"Huenda. Lakini akija kulisikia kwa wengine, atakufukuza. Na mimi sitaki kuolewa na mtu ninayemshuku."

Mboje aliandika barua, akaichana, akaandika tena. Mzee Masalu, mshenga wake, aliisoma akaguna.

"Hii ni posa au kesi? Futa hapa, mjukuu wangu."

"Hapo sifuti, babu."

Mboje akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Mzee akaitia ndani ya koti, akapanda bodaboda, akaondoka kuelekea Zagayu.