Fungu la Watu

"Kohoo! Kohoo!"

Kikohozi kilisikika kabla mtu hajamwona anayekohoa. Kilikuwa kikohozi cha bibi kizee, kikavu, cha mtu aliyekwisha kukuona unavyotaka kukosea. Watu waliopanga foleni kwenye kibanda cha bajia cha Shemweta wakageuka kumtafuta huyo bibi. Hapakuwa na bibi. Palikuwa na Zawena, fundi wa roboti, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye bajia, uso umemwiva kwa haya.

"Kibindo chako hicho," alisema Shemweta, chujio lake likichuruzika mafuta. "Leo kinakukataza bajia ngapi?"

"Zote."

"Hata moja ya kuonja?"

"Kohoo!" kilijibu kibindo chenyewe kutoka kiunoni mwa Zawena. "Chakula cha mchana kipo nyumbani. Wali wa jana na maharage. Fungu la vitafunwa liliisha tarehe kumi na moja."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Zawena naye akacheka, maana angefanya nini?

Zamani wanawake wa Tanga walikunja fedha zao katika pindo la kanga, wakalifunga kiunoni, na hapo ndipo palipoitwa kibindoni. Katika mwaka huu wa 2118 kibindo kilikuwa mkanda mwembamba wenye akili unde. Ulikula kiapo mbele yake, ukataja lengo lako, ukayagawa mapato yako mafungu, na tangu siku hiyo hakuna malipo yaliyotoka nje ya mafungu hayo. Hakikubembelezeka. Hakikujua uongo. Na kila ulipoinyoosha mikono yako pasipo mpango, kilikohoa mbele za watu.

Watu walikihitaji, kwa sababu jua lilikuwa limeingia katika miaka yake ya ghadhabu. Kila baada ya wiki chache lilirusha tufani ya chembe na miale iliyounguza mitambo angani na ardhini. Na fedha za siku hizo zilikuwa kawi, yaani kipimo cha umeme uliohifadhiwa katika Ghala la Nguvu la mji. Tufani ikitangazwa, thamani ya kawi iliyumba kama mlevi. Asubuhi kawi moja ilinunua bajia nne. Adhuhuri ilinunua mbili. Chakula kilipanda. Mashine zilishuka, kwa kuwa nani anunue mashine siku ya kuungua mashine?

Wengi walikata tamaa. "Niweke akiba ya nini," walisema, "na kesho jua litaila?" Wakala leo walichopata leo.

Zawena alikataa. Kwa miaka tisa alikuwa amepanga saa za kutumia tanuri la mtu mwingine, akimwachia nusu ya malipo ya kila kazi. Tanuri la kuchapia vipuri: unalimwagia unga wa chuma, unaliwekea mchoro, nalo linakutolea goti la roboti, gurudumu la meno, chochote. Alitaka lake. Bei ilikuwa kawi elfu nne. Akala kiapo, akaweka nusu ya kila alichopata, miezi kumi na minne, jua likiwaka na likighadhibika.

"Zawena," kibindo kilisema sasa, bila kukohoa, na hilo lilikuwa jambo geni. "Tufani imetabiriwa leo saa kumi alasiri. Bei ya tanuri imeshuka. Akiba yako inatosha. Nunua sasa."

Zawena alipiga ukelele uliomfanya Shemweta aangushe chujio. "Limetimia! Tanuri! Nimenunua tanuri!"

"Hongera," alisema Kidawa, mshonaji wa ghorofa ya chini, akipokea bajia zake. "Hata harusini kwangu ungepiga kelele hivyo, tungekusikia."

Zawena hakulisikia neno hilo vizuri. Alikuwa amekwisha kukimbia.

Tanuri liliwasili Barabara ya Kumi na Nne saa tisa na dakika tano alasiri, limebebwa na wapagazi wanne wa chuma, wale roboti wenye migongo bapa na miguu sita. Lilikuwa la rangi ya buluu, limefungwa karatasi ing'aayo, kilo mia tatu na kumi. Zawena alitembea kando yake kama mtu anayemsindikiza bibi harusi. Karakana yake ilikuwa juu, ngazi ishirini na mbili, na nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha shaba. Kila jengo la mji lilikuwa na chumba kama hicho, kilichotandikwa shaba ukutani, sakafuni na darini, ili vyombo vyenye ubongo vifichwe humo, na watu pia, tufani ipitapo.

Wapagazi walifika chini ya ngazi. Wa kwanza akainua mguu.

King'ora kikalia.

Kwa sheria ya mji, king'ora cha kwanza kikilia kila roboti huzima ubongo wake na kulala hadi tufani ipite. Wale wanne walilitua tanuri taratibu, kwa adabu kabisa, wakakunja miguu chini ya migongo yao iliyotandikwa shaba, wakalala barabarani kama ng'ombe walioshiba.

"Hapana!" Zawena alimpiga mmoja kibao mgongoni. "Amka! Ngazi ishirini na mbili tu!"

Mpagazi hakuamka. Saa kumi tufani itafika. Tanuri likiwa nje ya shaba, ubongo wake utaungua, na muuzaji harejeshi fedha kwa kosa la jua. Miezi kumi na minne ingekuwa sanduku la buluu la kukalia.

"Kwa nini hukuniambia?" alikifokea kibindo.

"Wapagazi walikuwa ndani ya bei. Kwa hesabu zangu, kila kitu kilikuwa kimelipiwa."

Zawena alivuta pumzi. Sawa. Mji ulikuwa na watu kabla ya kuwa na roboti. Akavuka barabara hadi kibandani, ambako Shemweta alikuwa akikunja turubai.

"Kaka Shemweta, nisaidie. Nipate watu kumi tu, tulipandishe."

Shemweta alitazama tanuri. Akamtazama yeye. Kisha akaweka mkono kiunoni, pasipo na mkanda wowote, akakunja shingo.

"Kohoo!" alisema. "Kibindo kimekataa."

Kicheko kililipuka. Kidawa alitoka mlangoni kwake na futi ya kupimia shingoni. "Kohoo! Fungu la mabega liliisha tarehe kumi na moja!"

"Kohoo!" alisema muuza maji.

"Kohoo, kohoo!" walisema wazee wawili wa bao, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kete. Barabara nzima ikawa kama wodi ya wagonjwa wa kifua.

Zawena alisimama katikati ya vikohozi hivyo, na polepole kicheko alichojaribu kucheka nao kikamfia mdomoni. Aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake. Kamati ya harusi ya Kidawa ilipomletea kadi ya mchango, aliweka kiganja kifuani na kusema, "Jamani, kibindo kimekataa." Mabati ya madrasa yalipong'olewa na kipande cha setilaiti, kibindo kilikataa. Mzee Kaniki wa ghorofa ya pili, aliyewasalimu watu wote kwa majina, alipofariki, daftari la rambirambi lilipita mlango kwa mlango. Hapo pia kibindo kilikataa. Watu walinyamaza. Nani atabishana na mkanda?

"Mnanionea!" alisema, na sauti yake ilipanda. "Si mimi! Nilikula kiapo. Kibindo ndicho kilichokataa!"

"Kohoo," kilisema kibindo. Hiki kilikuwa kikohozi cha kweli, na kila mtu alikitambua. "Naomba kusahihisha. Sikukataa. Sikuwahi kuombwa."

Bao likasimama.

"Siku ya kiapo niliuliza mafungu," kibindo kiliendelea, kwa sauti ile ile ya kusoma bei ya sabuni. "Chakula, kodi, dawa, vitafunwa, watu. Fungu la watu ni la michango, misiba, wagonjwa na majirani. Nilishauri sehemu moja ya ishirini. Zawena alisema sifuri. Alisema, 'Watu watasubiri.'"

Hakuna aliyekohoa tena. Ingekuwa nafuu kama wangekohoa.

"Na angeiweka hiyo moja ya ishirini," aliuliza Kidawa taratibu, "tanuri lingechelewa muda gani?"

"Mwezi mmoja na siku kumi na saba."

Mwezi mmoja na siku kumi na saba! Zawena alihisi namba hiyo ikimwingia kama mwiba. Alikuwa tayari kusikia mwaka. Alikuwa tayari kusikia miaka miwili, apate kusema, mnaona, nisingeweza. Kumbe bei ya kuwa na watu ilikuwa ndogo kiasi hicho, naye hakuwahi hata kuiuliza.

Aliinua kichwa. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na hakulia.

"Ni kweli," alisema. "Sijutii kuweka akiba, na nisiwadanganye, ningeweka tena. Jua hili linataka mtu mwenye mpango. Lakini nilidanganya. Nilikitanguliza kibindo mlangoni kila mlipobisha, nikajificha nyuma yake. Aibu ilikuwa yangu, nikaivisha mashine. Kidawa, nisamehe. Nyote, mnisamehe. Na msiponisaidia, sina la kusema."

King'ora cha pili kikalia. Saa tisa na dakika ishirini.

Watu walitazamana. Shemweta alijikuna kidevu. Ndipo kiti kikalia *kwii* barazani, na Bi Mize, mjane wa Mzee Kaniki, akainuka. Alikuwa na miaka sabini na minne na mwili kama uzi. Alifunga kanga kiunoni, akashuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuri, akaweka bega.

"Bi Mize, hapana!" alisema Zawena. "Wewe tena, shikamoo, tafadhali kaa..."

"Marahaba. Nyamaza." Bi Mize alimtazama kwa jicho moja kutoka ubavuni mwa tanuri. "Mimi nimekukasirikia miezi kumi na mmoja, na nitaendelea kukukasirikia. Lakini naweza kukasirika huku nabeba. Nyinyi wanaume wa bao, mmekatwa miguu?"

Basi ilikuwa imekwisha. Nani atakaa kitako huku bibi wa miaka sabini na minne amesukuma bega kwenye chuma? Shemweta aling'oa nguzo mbili za kibanda chake, wakazipitisha chini ya tanuri. Wazee wa bao wakashika nyuma. Muuza maji akashika mbele. Bi Mize akaondolewa begani kwa nguvu na kwa heshima, akapewa kazi ya kufungua milango, naye akaifanya kwa kelele. Kidawa alipanda ngazi ya tatu, akageuka, akaanzisha:

"Mwenye kuweka aweke!"

"Twende!"

"Tanuri tulipeleke!"

"Twende!"

"Jua na lije, licheke!"

"Twende!"

Kila "twende" ngazi moja. Kwenye ngazi ya tisa Shemweta aliteleza kwa mafuta ya bajia yaliyokuwa kwenye kandambili zake, tanuri likainama, watu kumi na wawili wakapiga yowe moja.

"Kohoo!" kilianza kibindo. "Uwezekano wa kuanguka ni..."

"NYAMAZA!" barabara nzima ilisema.

Kikanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, kikanyamaza kabisa.

Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini. Jasho la Zawena lilimwingia machoni, na bega lake liligusana na bega la Kidawa, maana Kidawa naye alikuwa ameacha kuimbisha na kushuka kushika. Ishirini na mbili! Wakalivuta ndani, wakalisukuma hadi chumba cha shaba, na kwa kuwa muda wa kurudi majumbani haukuwepo tena, wakaingia wote, mlango ukafungwa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Tufani haina sauti. Walikaa wamebanana kuzunguka sanduku la buluu, wakihema, kuta za shaba ziking'aa nyekundu kwa taa ya betri, na juu ya vichwa vyao jua likapita na ghadhabu zake bila kugusa kitu.

"Linanuka upya," alisema muuza maji, akilipapasa tanuri.

"Linanuka jasho langu," alisema Shemweta. "Ujira wangu nitaudai kwa vipuri." Wakacheka.

Zawena aligeuka. Bi Mize alikuwa pembeni yake, goti kwa goti, anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Bi Mize," alisema. "Hitima ya mwaka ya mzee ni mwezi ujao."

"Naijua tarehe. Sikukuomba kitu."

"Hukuniomba. Ndiyo maana nasema mimi."

"Usiniambie hela, mwanangu. Hela za ahadi huliwa na jua kabla hazijafika."

"Si hela."

Bi Mize aliacha kujipepea. "Basi sema kwa sauti, hawa nao wasikie. Na unitazame mimi, usikitazame hicho kiuno chako."

Zawena alimshika yule bibi mikono yote miwili, akamtazama machoni.

"Mchele wa hitima ya Mzee Kaniki utatoka kwangu," alisema, sauti yake ikigonga kuta za shaba na kurudi. "Kilo thelathini, bei ipande au ishuke. Nitaupangia kuanzia kesho, sitaukopa kwa mtu. Na siku yenyewe nitakuja alfajiri, Bi Mize, kabla ya wageni wote, nikoke moto na kuupika kwa mikono yangu hii, na sitaondoka mpaka sufuria la mwisho limeoshwa. Naahidi."